Mikono Miwili ya Kwetu

Bibi yangu hakupokea kitu kilicholetwa kwa mkono mmoja. Ungempelekea maji, kikombe kikiwa mkono wa kulia na wa kushoto ukining'inia, angekutazama tu, kikombe kikabaki hewani mpaka ukumbuke. Ukumbuke kwamba mkono wa kushoto ushike kiwiko cha mkono wa kulia, kichwa kiiname kidogo, ndipo utoe. Kwetu sisi Waha ndivyo anavyopewa mtu mzima. Nyumbani kwetu Buzebazeba jambo hilo lilikuwa na jina lake, liliitwa mikono miwili. "Mpe kwa mikono miwili," Bibi alisema, na hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuuliza mbona mkono wa pili haukigusi kitu chenyewe.

Wageni walitucheka. Dereva mmoja wa Tabora aliyepanga chumba cha uani alisema watu wa Kigoma wanatoa vitu kama wote wanaumwa viwiko. Bibi akamjibu kwamba afadhali kuumwa kiwiko kuliko kuumwa adabu, na tangu siku hiyo yule dereva alileta kodi yake akiwa ameshika kiwiko.

Naanza na Bibi kwa sababu mikono hiyo miwili ndiyo iliyonikosesha kumwona baba yangu akiwa hai. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na bado sijui nimkasirikie nani. Bibi siwezi. Wengine nimewajaribu mmoja mmoja, hasira haikai.

Baba alikuwa fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Waliachana na Mama nikiwa mdogo, Mama akaolewa Mpanda, nikabaki na Baba na mama yake, huyo Bibi. Mikono ya Baba ilinuka petroli hata siku ya Idi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, katika ufuko wa Ujiji, asubuhi, kabla wanawake hawajatandaza dagaa mchangani. Wapo waliosema mtoto wa kike wa Kiislamu hafai kuonekana majini. Bibi akanishonea suruali ndefu na shati la mikono mirefu, akanifunga kitambaa kichwani kikakaza mpaka nyusi zikapanda, akasema sasa waseme.

Baba alinifundisha mtindo wa chura tu. Mikono inafunguka mbele pamoja, miguu inajikunja na kusukuma pamoja, na kichwa kinatoka nje kila mara kuvuta pumzi. Alisema mitindo mingine ni ya watu wanaokimbilia kufika, bali chura anaona anakokwenda na anamwona mwenzake akizama. Mtu alikuwa amewahi kuzama jirani yake bila yeye kujua, wakati injini ya boti ilipozimika katikati ya ziwa. Hakuwahi kunisimulia mpaka mwisho.

Nilipokuwa darasa la saba sauti ya Baba ilianza kukwaruza. Tukadhani ni mafua, kisha tukadhani ni moshi wa injini. Bibi alimpa asali na ndimu, alimpa mawese ya moto, alimpa kila alichoambiwa na kila jirani. Hospitali walimtazama kooni, wakasema hili ni la Dar es Salaam. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa anaishi huko, akampokea. Huko wakamtoboa koo ili aweze kupumua, na sauti ikaondoka. Haikurudi tena.

Basi tukawa na namna yetu ya kuongea kwenye simu. Shangazi alimwekea simu sikioni, mimi nikaongea, naye akagonga simu kwa ukucha wake kunionyesha kwamba amesikia. Nilimwambia habari za shule, nani kavua nini, bei ya migebuka imepandaje. Tok. Nikamwambia Bibi amegombana na dereva wa Tabora. Tok, tok, maana yake amecheka. Mtoto anazoea kila kitu, na mimi niliuzoea ukucha ule kama wenzangu walivyozoea sauti za baba zao. Lakini jioni moja nilimsikia Bibi akizungumza na Shangazi kwa Kiha, wakishusha sauti, na nikaelewa kwamba anayetaka kumwona Baba afanye haraka. Nauli ya mimi kwenda haikuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa imekwenda na Baba.

Mwaka huohuo alikuja shuleni kwetu mwalimu mpya wa michezo, dada mmoja kutoka Tanga, mchangamfu, ambaye hakuamini kwamba tuna ziwa kubwa namna hii na shule haina timu ya kuogelea. Akatuambia kutakuwa na mashindano ya mkoa, na mshindi wa kila mtindo atachukuliwa kwenye kikosi kitakachopanda treni kwenda mashindano ya taifa. Yatafanyika wapi? Dar es Salaam.

Sikulala na habari ile. Nilikimbia nyumbani, Bibi akampigia Shangazi, na mimi nikamwambia Baba kwamba nakuja. Nikamweleza kila kitu, kwamba ni mtindo wa chura, kwamba ni umbali mfupi kutoka botini mpaka gatini, kwamba nimewashinda wote shuleni mpaka wavulana. Kule upande wa pili ukucha uligonga na kugonga, haukuacha, mpaka Shangazi akaichukua simu na kusema mwache apumzike. Sauti yake ilikuwa imelowa.

Tulifanya mazoezi Ujiji, palepale aliponifundisha Baba. Hapakuwa na ukuta wala ubao wa kugusa. Unaogelea mpaka magoti yakute mchanga, unasimama, mwalimu anapiga kelele za kukusifu. Wiki ya mashindano alitukusanya chini ya ukuta wa darasa akatusomea kanuni kutoka kwenye karatasi iliyoletwa, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mtu ambaye sidhani kama alikuwa amelowa maji mwaka ule. Nyingi nilizisahau palepale. Moja niliikumbuka vizuri sana. Alisema mwisho wa gati kutakuwa na ubao, na nyuma ya ubao atakaa mwamuzi mkuu, mzee mwenye heshima zake. Ukifika, gusa kwa mikono miwili. Ukigusa kwa mkono mmoja atakutoa.

Nilitaka kucheka. Nani kwetu asiyejua mikono miwili? Nikaona kumbe hata majini kuna adabu, kumbe hawa watu wa mashindano ni watu wa maana. Kama kanuni zote zingekuwa hivi, niliwaza, Bibi angekuwa rais wao.

Mwalimu wangu hana lawama. Alikuwa ametuona mara mia tukimpa daftari tumeshika viwiko, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ile kwetu inaitwa mikono miwili. Na mimi ningemwambia vipi kitu ambacho sikujua kwamba hakijui?

Siku yenyewe watu walijaa. Boti mbili zilifungwa pamoja ndani kidogo ya ziwa, ndipo pa kuanzia, na kamba zenye madumu matupu zilionyesha njia mpaka kwenye gati dogo la wavuvi. Hewa ilikuwa safi, milima ya Kongo ilionekana yote. Kwenye ubao wa kumalizia alikaa mwamuzi mkuu, na nilipomtambua nilifurahi mpaka nikapunga mkono. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Rusimbi, mzee aliyetoka kijiji kimoja na Bibi huko upande wa Kasulu. Kila Idi alikuja kwetu, na mimi ndiye niliyempa kahawa. Nilimpa nimeshika kiwiko, naye kila mara alisema kikombe kilichotoka kwa mikono miwili hakimchomi mtu. Hakunipungia. Waamuzi hawapungi.

Jirani yangu botini alikuwa msichana wa shule moja ya bweni iliyokuja na kocha wake, mwanamume aliyezoea mashindano ya kwenye mabwawa, mwenye saa shingoni. Msichana alikuwa na nguo ya kuogelea inayong'aa na miwani. Mimi nilikuwa na suruali ya Bibi. Tulitazamana, akanitabasamia, nikamrudishia.

Filimbi ikalia, tukaruka. Nilipotoka juu kuvuta pumzi niliangalia pembeni, sikumwona. Nikavuta tena, sikumwona. Gatini watu walianza kupiga kelele kwamba mtoto amezama, na mvuvi mmoja alikwishavua shati. Kisha akatokea, mbele kabisa, mbali na sisi wote, kama mnandi, yule ndege mzamiaji, anavyotokea pale ambapo hukumtegemea. Alikuwa amekwenda chini kwa chini muda wote ule. Chini hakuna mawimbi, hakuna upepo, na mwili unateleza. Kila mtoto wa ufukweni anajua hivyo. Lakini sisi tuliita kupiga mbizi, hatukujua kwamba mtu anaweza kuiita hiyo kuogelea.

Akazama tena. Mimi nikaendelea na chura wa baba yangu, kichwa kikitoka, nikiona ninakokwenda. Niliona ubao. Niliona mguu wa suruali ya mzee. Niliiona, wallahi, stesheni ya Kigoma na treni imesimama. Boti moja iliyokuwa ikipita ikatupa mawimbi ya ubavuni, na yeye alipotokea mara ya pili yalimjaa mdomoni, akakohoa. Mimi nilikulia ndani ya mawimbi kama yale. Nikampita karibu kabisa na gati, nikasikia watu wa Ujiji wakipaza sauti, nikapiga msukumo wa mwisho wa miguu.

Na pale ubaoni, mbele ya mzee, nikanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ukashika kiwiko. Nikainamisha kichwa majini, nikagusa.

Nilikuwa wa kwanza. Hakuna aliyebisha hilo, siku ile wala baadaye. Nilinyanyua uso nikimtazama mzee, nikitegemea ile furaha yake ya Idi, nikaona amekunja uso kama mtu aliyemeza mfupa. Yule kocha alikuwa ameshafika gatini. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba msichana huyu amegusa kwa mkono mmoja, na katika mtindo wa chura hiyo ni kosa la kutolewa.

Nikapanda gatini nikichuruzika maji. Nikasema nimegusa kwa mikono miwili. Kocha akasema hapana. Nikasema ndiyo, kama tulivyoambiwa. Watu walitusogelea. Mzee akanyanyua mkono wanyamaze, akaniambia nionyeshe nilivyofanya. Basi nikaonyesha, pale mbele ya mkoa mzima: mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko, kichwa chini. Nilionyesha vizuri, kwa majivuno, kwa sababu nilijua yeye anajua. Nikasikia kicheko upande wa wageni. Upande wa wazee wa Ujiji na wa wavuvi kukawa kimya. Walikuwa wameelewa, na walijua yatakayofuata.

Mzee alinitazama mkono, akatazama karatasi, akanitazama tena. Akasema taratibu, kwa Kiswahili, si kwa Kiha:

"Huo ni mkono mmoja."

Nimeambiwa maneno mengi mabaya maishani. Nimeachwa na mume, nimefukuzwa kibanda sokoni. Hakuna neno lililonipiga kama lile. Kwa sababu hakukosea. Na kwa sababu alikuwa mtu pekee katika gati lile ambaye kwa miaka yote alipokea kahawa kutoka kwenye mkono huohuo na kuuita miwili.

Mwalimu wangu wa michezo akaja juu. Yeye hakuelewa habari ya kiwiko mpaka alipoelezwa pale gatini, na alipoelezwa macho yakamjaa, lakini hakukubali kuondoka mikono mitupu. Akasema kama ni kanuni, basi na tuangalie zote. Yule mwingine hakuogelea chura, alipiga mbizi. Wavuvi wakamuunga mkono kwa sauti kubwa, alipiga mbizi, alipiga mbizi, na aliyevua shati akasema alikuwa karibu kuruka kumwokoa mtu ambaye kumbe yumo mashindanoni. Yule kocha hakupandisha sauti. Akasema tu aonyeshwe mahali palipokatazwa.

Wakaisoma karatasi ile kutoka juu mpaka chini. Mikono ifunguke pamoja, imo. Miguu isukume pamoja, imo. Mguso wa mikono miwili iliyotengana kwa wakati mmoja, imo, na safari hii nililisikia hilo neno "iliyotengana" ambalo mwalimu wangu alilipita haraka au mimi nililipita. Habari ya mtu kwenda chini ya maji haikuwemo. Wala mbali, wala karibu. Miaka mingi baadaye, nikitazama mashindano ya dunia kwenye simu ya binti yangu, niliona kwamba wenye mchezo wao walikwishaliziba tundu hilo zamani: ukiruka unaruhusiwa mvuto mmoja wa mikono chini ya maji, kisha kichwa lazima kitokeze. Aliyetafsiri karatasi yetu aliuacha mstari huo. Labda uliangukia mwisho wa ukurasa. Labda alichoka. Yule kocha alijua kanuni kamili, na alijua pia kwamba karatasi ya kwetu haina. Akamfundisha yule msichana kupita hapo.

Mzee alimsikiliza mwalimu wangu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Palipoandikwa nasoma. Pasipoandikwa siwezi kusoma."

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa siku ile ulikuwa na meno upande mmoja tu, na nimekuwa nikiufikiria tangu hapo. Maana kama ungesoma maneno kama yalivyo, basi mimi nimetoka na yeye ameshinda. Kama ungesoma maana yake, yeye alikimbia kile ambacho mchezo unakitaka, na mimi nilikitii kwa akili yangu yote. Nimejaribu kujiambia kwamba mwamuzi hana ruhusa ya kusoma nia za watu, la sivyo kila mwenye mjomba angeshinda. Naelewa. Lakini naelewa pia kwamba mwanya una wenyewe. Anayeufahamu ni yule aliyefundishwa kuutafuta, na sisi tulifundishwa kutii tu.

Baadaye niliambiwa kwamba msichana mwingine wa Ujiji, aliyefika wa mwisho, naye aligusa ameshika kiwiko. Hakuna aliyemtoa. Hakuna aliyemtazama.

Nilipokuwa nimekaa kwenye jiwe nyuma ya gati, yule msichana wa bweni alinifuata na taulo lake. Alinipa kwa mkono mmoja, yeye hakuwa wa kwetu. Akasema, "Mimi nilifundishwa hivyo." Nikamwambia na mimi pia. Nikajifuta uso, nikamrudishia taulo. Mbaya hakuwa yeye. Ningependa awe yeye, ingenirahisishia.

Mzee alipita wakati watu wakitawanyika. Alisimama mbele yangu, akasema kwa Kiha, "Mwana wanje, ihangane." Mwanangu, vumilia. Nilikuwa nawaza kwamba angekisema Kiha kile mapema, pale ubaoni, mikono yangu ingekuwa miwili.

Jioni hiyo Bibi alipiga simu Dar es Salaam. Alitaka kueleza yeye, nikakataa, nikasema Baba nitamwambia mwenyewe. Nikamwambia nimeshinda na nimetolewa. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho, mbizi ya yule msichana, mawimbi ya boti, ubao, mzee, kiwiko. Nilipofika kwenye kiwiko nilianza kulia. Upande wa pili hapakuwa na ukucha. Nilingoja. Nikaita Baba, Baba, unanisikia? Kimya. Shangazi akaja hewani na sauti ya ajabu, nusu kilio nusu kicheko, akasema baba yako anacheka. Anacheka mpaka mabega yanatikisika, na lile tundu la kooni linapiga mluzi. Kisha akasema subiri. Akasema sasa amenyoosha mkono wa kulia kuelekea kwenye simu. Amekishika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Ameinamisha kichwa.

Sijui kama alikuwa ananitania au ananipa kitu. Nimeamua kwamba alikuwa ananipa, na mimi sikuwepo kupokea.

Treni iliondoka na kikosi. Sikwenda stesheni, lakini Kigoma treni haiondoki kimyakimya, honi ilinifikia. Bibi alikuwa anachambua mchele. Aliposikia honi aliacha kidogo, akaendelea.

Kikosi kilikuwa bado kiko Dar es Salaam Baba alipofariki. Nasema hivyo kwa sababu watu wengine walinifariji kwamba hata kama ningechaguliwa huenda nisingemkuta. Ningemkuta. Shangazi alinihakikishia, kwa huruma yake isiyojua kuficha, kwamba treni ilipofika Baba alikuwa hai, na siku ile alimwomba kwa ishara amgeuze aangalie mlangoni. Alizikwa siku iliyofuata kifo chake, baada ya adhuhuri, hukohuko, kama dini yetu inavyotaka maiti asicheleweshwe. Sisi tulikaa matanga Buzebazeba bila kaburi. Huo ni msiba mgumu kuliko mwingine. Watu wanakuja, wanalia, wanasoma dua, na hakuna mahali pa kwenda kutupa udongo.

Mafundi wenzake wa Kibirizi walikuja na nguo zao za kazi. Mwalimu wangu wa michezo alikuja, akakaa jikoni na wanawake, akaosha sufuria siku nzima. Yule dereva wa Tabora aliteka maji. Mimi nilipangwa mlangoni kupokea vitu vinavyoletwa na wageni, chumvi, mchele, kuni, kuviingiza ndani. Kila aliyekuja aliniwekea kitu mikononi juujuu tu, kama mtoto anavyopewa, akapita kwenda kumpa Bibi pole.

Siku ya pili alikuja mwamuzi. Alikuwa amevaa kanzu, amebeba mfuko wa sukari. Alipita uani polepole, watu wakimwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Nilimwona akija nikatamani kuingia ndani, lakini nilikuwa nimepangiwa mlango. Bibi alikuwa kwenye mkeka pale karibu, ameegemea ukuta, anatuona.

Mzee alisimama mbele yangu. Akaunyoosha ule mfuko wa sukari kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto akakishika kiwiko chake, akainamisha kichwa chake chenye mvi.

Mtu mzima hampi mtoto hivyo. Sijapata kuona kabla wala baada. Uani wanawake waliacha kuongea, kwa sababu kila mmoja pale alijua jambo hilo halifanyiki, kama vile mama hamwamkii mwanawe shikamoo. Nilimwelewa palepale. Alikuwa anauhukumu ule mkono wangu kwa mara ya pili, safari hii kwa lugha ya kwetu. Na mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, baba yangu yuko chini ya udongo ambao sijauona.

Nikanyoosha mikono yangu yote miwili. Kwa wakati mmoja, sawasawa, viganja wazi, imetengana. Nikaushika mfuko kutoka pande zake mbili kama ubao, bila kuinamisha kichwa.

Bibi aliona. Msiba au si msiba, Bibi hakuwa mtu wa kuacha jambo kama hilo lipite. Akaniita kwa ukali, akaniuliza tangu lini mzee anapokewa hivyo katika nyumba yake, nani amenifundisha utovu wa adabu namna ile.

Mzee alikuwa bado ameinama. Akakiachia kiwiko chake, akajifuta macho kwa upindo wa kanzu.

"Mwache," alimwambia Bibi. "Nimemfundisha mimi."

Kisha akavua viatu, akaenda kukaa mkekani, na mimi nikaingiza sukari ndani.